Mzee Pandu na Kitanda cha Watatu

Paukwa!

Pakawa.

Ah, hiyo ni pakawa ya watu waliokwisha lala. Walio nyuma sijawasikia kabisa. Paukwa!

Pakawaaa!

Ndiyo. Sasa sogeeni. Mkeka ni mpana, asikae mtu pembeni peke yake nikamwona ananuna.

Hapo kale, kabla magodoro hayajaja kutuvunja migongo, palikuwa na kijiji. Jina lake msiniulize, halitatusaidia kitu. Kila nyumba ya kijiji hicho ilikuwa na kitanda cha kamba. Mbao nne, matendegu manne, yaani miguu yake, na katikati kamba ya makumbi ya nazi. Kamba inapitishwa huku, inarudishwa huku, inapitishwa huku, inarudishwa huku, mpaka mtu anapata pa kuweka ubavu. Kitanda kikiwa kipya kinanukia nazi. Ukijigeuza kinalia, nyiii. Mimi nimelala kitanda hicho kwa bibi yangu, na kila niliposikia nyiii nilijua bibi yupo. Nakitamani mpaka leo, wala sioni haya kusema.

Katika kijiji hicho alikuwapo mzee mmoja, Mzee Pandu. Kazi yake ilikuwa kuwamba vitanda. Kuwamba ni kule kupitisha kamba na kuikaza. Mafundi wa vijiji vingine walipima mbao. Mzee Pandu alipima watu. Ukimwita kwako, hagusi kamba kwanza. Atasema, "Nileteeni wenye kitanda." Mkeka utatandikwa uani, na wenye kitanda watalala juu yake mchana kweupe, macho wameyafumba, wengine wanajizuia kucheka. Mzee Pandu atawazunguka polepole, mikono nyuma.

"Wewe unalala kifudifudi. Hapa nitakaza."

"Wewe unapiga mateke, usikatae, nimekuona. Huku miguuni nitapitisha kamba mbili."

Akishamaliza kuwatazama, hapo ndipo anakaa chini na kamba yake. Anaivuta, inalia nyiii. Anaikaza, inajibu kwi. Anafunga, tak! Nikisema vuta, nanyi semeni nyiii. Haya tujaribu.

Vuta! Nyiii.

Kaza! Kwi.

Funga! Tak!

Vizuri. Nyinyi mngekuwa mafundi.

Basi katika kijiji hicho alikuwapo mtoto wa kike, jina lake Mashavu. Alikuwa na umri wa meno ya mbele kuanza kutikisika. Baba yake Makame, mama yake Sikudhani, na bibi yake mzaa baba, Bi Mboni, ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Bi Mboni akisema leo ni jua, wote wanaanika nguo hata kama kuna mawingu. Mashavu alikuwa na kaka zake wawili, wakubwa, wao walilala chumba cha bibi. Mashavu alilala na mama. Alilala upande wa ukutani, mguu wake mmoja juu ya tumbo la mama, na kila siku alilala hivyo.

Tumbo la mama likaanza kukua. Likakua. Mashavu akawa hana tena pa kuweka mguu. Akauweka kwenye goti la mama, akaridhika.

Siku moja asubuhi mama akajifungua. Mtoto wa kiume, ana sauti ya kuita watu shambani. Vigelegele vikapigwa. Watu wakaja, hodi hodi, karibu karibu, hongereni kwa uzazi. Mwenye uji wa pilipili manga akaja nao, mwenye kuku akaja naye, mwenye mikono mitupu akaja na maneno mazuri, naye pia akakaribishwa. Furaha ilikuwa kubwa. Mashavu naye alifurahi. Alipita kwa kila mgeni akisema, "Mama ana mtoto! Ana kucha! Zote anazo!"

Bi Mboni akamwita. "Mashavu, njoo hapa mjukuu wangu."

"Naam bibi."

"Umempata mdogo wako. Sasa wewe ni mkubwa. Siku ya saba mtoto akipewa jina, shangazi yako Mize atakuja kukuchukua. Utakaa kwake ng'ambo ya mlima."

"Mpaka lini, bibi?"

"Mpaka huyu atembee."

Mashavu akamtazama mtoto. Mtoto hajui hata kufumbua macho, atatembea lini?

Lazima niwaeleze hapa. Hiyo ilikuwa desturi ya kijiji kile. Mtoto mpya akija, yule aliyelala na mama kabla yake anaondolewa nyumbani. Walisema wakilala pamoja, mkubwa atamwonea kijicho mdogo, na mdogo hatakua. Walisema pia kitanda hakitoshi. Na walioondolewa, wengi hawakurudi. Mdogo akitembea, mama ana mimba nyingine. Wakazoea hukohuko, wakaolewa hukohuko. Watu waliona ni sawa, kwa sababu wao wenyewe walifanyiwa hivyo.

"Bibi, nikilala kidogo tu? Nikijikunja?"

"Kitanda hakitoshi, mjukuu wangu."

"Nikilala pembeni kabisa?"

"Kitanda hakitoshi. Nenda kacheze."

Mashavu hakwenda kucheza. Alikwenda kukaa nyuma ya jiko, akawa anatikisa jino lake kwa ulimi. Huku, huko. Huku, huko.

Siku ya tatu Mzee Pandu akaitwa. Nayo ilikuwa desturi, mtoto mpya hulazwa kwenye kamba mpya. Akafika na kamba begani, akatoa hongera, akakaa. Kitanda kikatolewa uani. Kamba za zamani zikakatwa, zikatupwa. Mashavu akaziona zinatupwa.

"Nileteeni wenye kitanda," akasema Mzee Pandu.

Bi Mboni akajibu, "Mzazi amechoka, Pandu, usimsumbue leo. Ni mama na kichanga, basi. Kiwambe cha wawili."

Mzee Pandu alisita. Lakini mwenye nyumba amesema. Akakaa chini, akavuta.

Vuta! Nyiii.

Kaza! Kwi.

Funga! Tak!

Kabla ya adhuhuri kitanda kilikuwa tayari, kimekazwa vizuri, ukikipiga kwa kiganja kinalia kama ngoma. Mzee Pandu akasema kilale juani siku moja, kamba itulie, kesho asubuhi kiingizwe ndani. Akaenda zake. Watu wakala, wakashiba, na jua lilivyokuwa kali kila mtu akatafuta pa kujinyoosha. Uani pakabaki kuku na kitanda.

Na Mashavu.

Akatambaa, akaingia chini ya kitanda. Chini huko, penye tendegu la kichwani, kuna fundo moja. Kamba yote ya kitanda inaanzia kwingine na kuishia hapo. Mashavu alimwona Mzee Pandu akilifunga mwisho, kwa goti na mikono miwili. Akalishika kwa vidole. Halikwenda. Akalishika tena. Halikwenda. Akalitia meno. Akalitafuna, akalivuta, akalitafuna, akalivuta, mate yanamtoka, machozi yanamtoka, mwisho fundo likalegea. Akalifungua mzunguko mmoja, akalifungua wa pili, akaiacha kamba hapohapo imejishikilia kidogo tu. Akatoka, akanawa mdomo. Mdomoni palikuwa na damu kidogo na nafasi moja, lakini hakutafuta jino lilikoangukia.

Asubuhi ya siku ya nne watu wako uani. Makame, baba mtu, amejawa na furaha za uzazi. "Kabla hakijaingia ndani," akasema, "acha nikijaribu mimi. Nisije nikamlaza mke wangu mahali nisipopajua." Akakipa kitanda mgongo, akakaa kwa kishindo, kama mtu aliyekaribishwa barazani kwa mkubwa.

Pwaa!

Kamba yote ikatoka. Makame akaingia katikati, makalio chini, miguu juu, kofia huko. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaweka sufuria ya uji chini. Hata mama Sikudhani huko ndani akasikia akacheka, akashika tumbo, maana tumbo la mzazi haliwezi kucheka sana.

Lakini Bi Mboni hakucheka. Aliinama, akashika ile ncha ya kamba.

"Hii haikukatika," akasema. "Hii imefunguliwa."

Kicheko kikaisha.

"Mtu amekuja uani kwangu akafungua kitanda cha mjukuu wangu. Kuna mtu hamtaki mtoto huyu. Angelala mama hapo na kichanga kifuani, ingekuwaje?" Akainua macho, akawatazama wanawake mmoja mmoja. Aliyeleta uji akautazama uji wake. Aliyeleta kuku akasema, "Bi Mboni, mimi jana sikufika." Mwingine akasema, "Hata mimi." Kila mtu akaanza kumkumbuka mwenzake alipita saa ngapi. Mnajua hali hiyo. Kijiji kinaweza kuharibika asubuhi moja.

Mashavu alikuwa amesimama kwenye nguzo ya jiko. Hakuwaza kabisa habari ya mama kulala pale na mtoto kifuani. Sasa akaiwaza, akaishika nguzo kwa mikono miwili.

Mzee Pandu akaitwa, akaja mbio za uzee. Akapiga magoti, akaingia chini ya kitanda. Akaishika ile ncha. Ilikuwa imekauka, lakini imechakaa, imetafunwa. Akaipapasa kwa kidole, na ndani ya nyuzi za makumbi kidole kikagusa kitu kidogo kigumu. Akakitazama. Kilikuwa cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi. Akafumba kiganja.

Kutoka chini kule akageuza macho, akaona miguu ya watu wote. Miguu ya wakubwa inahamahama. Miguu miwili midogo, kwenye nguzo ya jiko, imesimama kimya.

Mzee Pandu akatoka, akajikung'uta magoti.

"Bi Mboni, usimtazame mtu. Kosa ni langu."

"Kosa lako vipi? Miaka yote hii?"

"Jana nilikuwa na haraka. Fundo la mwisho sikulifunga vizuri. Jua limepiga, kamba imejinyoosha, limefunguka lenyewe. Uzee huu, Bi Mboni. Nisameheni."

Watu wakapumua. Wanawake wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Makame, aliyekuwa bado anajifuta mchanga, akasema kwa sauti, "Kumbe Mzee Pandu ndiye aliyetaka kuniua!" Wakacheka zaidi. Mzee Pandu naye akacheka, akaangalia chini. Bi Mboni tu ndiye aliyekunja uso, lakini alishaacha kuwatazama watu.

"Nitawamba upya," akasema Mzee Pandu. "Ila mkono wangu mmoja una ganzi. Nipeni mtu wa kunishikia kamba. Nipeni yule pale."

Mashavu akaja. Alifunga mdomo, hata salamu aliitoa kwa kichwa. Watu wakatawanyika kazini kwao, na wale wawili wakabaki na kitanda. Mzee anavuta, mtoto anashika.

Vuta! Nyiii.

Kaza! Kwi.

"Liliuma?" akauliza Mzee Pandu bila kumtazama.

Mashavu akaendelea kushika kamba.

"Mimi la kwanza lilinitoka kwa muwa. Lako limetoka kwa kamba. Una nguvu."

Mashavu akaanza kulia, mdomo wazi, pengo linaonekana. "Babu, sikutaka waanguke. Wallahi sikutaka waanguke."

"Najua. Ulitaka nini?"

"Nilitaka kitanda kiharibike tu."

"Kikiharibika iwe nini?"

"Mama atalala chini kwenye mkeka. Bibi anasema kitanda hakitoshi. Lakini mkeka ni mpana, babu. Mkeka unatosha watu wote."

Mzee Pandu aliacha kuvuta. Alikuwa amewamba vitanda vya kijiji kile tangu ujana wake. Vitanda vingapi aliambiwa aviwambe vya wawili, na nyuma ya jiko kulikuwa na mtoto anatikisa jino? Hakuwahi kuuliza. Alipima waliolala mbele yake, akaenda zake.

"Sitamwambia mtu," akasema. "Na wewe usiseme. Ukisema leo, bibi yako atakuogopa, na mtu akimwogopa mtoto hamwachi karibu na mtoto mwingine. Utasema utakapokuwa mkubwa, ukitaka. Sasa futa makamasi."

Kisha akaweka kamba chini, akaita kwa sauti. "Bi Mboni! Kazi imenishinda!"

Bi Mboni akatoka jikoni na mwiko. "Imekushinda nini tena?"

"Jana nilivunja kanuni yangu, ndiyo maana nikaaibika. Sikuwapima watu. Siwezi kumaliza mpaka niwapime."

Bi Mboni hakutaka fedheha ya pili. Mkeka ukatandikwa. Mama Sikudhani akatolewa ndani taratibu, akalala, akavuta pumzi, mtoto kifuani. Hakuwa amelala vizuri siku nne, na kivuli kilikuwa kizuri, macho yakafumba mara moja.

"Na aliyekuwa akilala hapa?" akauliza Mzee Pandu.

"Huyo anakwenda kwa shangazi yake. Si unajua?"

"Anakwenda siku ya saba. Leo ni siku ya nne. Mpaka hapo atalala wapi, juu ya jiko? Alale nimwone."

Mashavu akalala. Alijikunja kabisa, pembeni kabisa, hakumgusa mtu. Mama alikuwa usingizini. Lakini ubavu wake ulimsikia binti yake. Mkono wake wa upande ule ukanyooka, ukatafuta, ukampata Mashavu shingoni, ukamvuta. Mama hakufumbua macho. Kichanga kifuani kikapiga chafya, kikaendelea kulala.

Mzee Pandu akawazunguka polepole, mikono nyuma.

"Bi Mboni, wewe ulipelekwa kwa nani?"

"Nini?"

"Ulipozaliwa mdogo wako. Ulipelekwa kwa nani?"

"Kwa shangazi yangu. Kila mtu alipelekwa. Mimi nilipelekwa na sikufa."

"Ulirudi lini?"

Bi Mboni akageuza mwiko mkononi. "Nilirudi mama alipofariki. Nilimkuta ameshafunikwa."

Kuku mmoja akapita uani.

"Ulikuwa ukilala upande gani wake?" akauliza Mzee Pandu.

"Upande wa mlangoni." Alijibu palepale, hata kabla swali halijaisha. Bibi mzima, kichwa chote cheupe, miaka sitini imepita, na alikumbuka upande. Akasikia alivyojibu. Akavuta ncha ya kanga, akajifuta uso, akasema moshi wa jiko umemwingia machoni. Jiko lilikuwa kule, moshi ulikuwa unakwenda kule.

Akamtazama mkwewe aliyelala, akautazama ule mkono.

"Wamba kitanda, Pandu," akasema. "Kiwambe cha watatu. Na safari hii ufunge fundo la mtu mzima."

"Nitafunga."

Haya nisaidieni. Vuta! Nyiii. Kaza! Kwi. Funga! Tak!

Siku ya saba shangazi Mize akaja, na kikapu, na mkeka mdogo mpya aliousuka kwa ajili ya Mashavu. Alikuwa mtu mwema, msimchukie. Bi Mboni akampokea mlangoni, akasema mbele ya watu wote, "Mize mwanangu, mkeka tumeupokea. Mtoto atakuja kwako kutembea, atakaa siku tatu, atarudi. Kwao ni hapa." Watu wakaangaliana. Desturi imevunjwa, na aliyeivunja ni Bi Mboni! Wengine walingoja kichanga kidhoofu. Wakangoja mwezi. Wakangoja miwili. Mtoto akanenepa mpaka mikono ikawa na mikunjo. Jina lake, alilopewa siku ile ya saba, lilikuwa Shaame. Alilala katikati, na mguu wa Mashavu ulipita juu yake kumfikia mama. Aliyefuata kujifungua kijijini naye hakumwondoa mtoto wake, na aliyemfuata naye vivyo hivyo.

Mngependa niishie hapo. Lakini sijamaliza, kwa sababu sijasema habari ya Mzee Pandu.

Mzee Pandu hakuitwa tena kuwamba kitanda.

Watu hawakumchukia. Walimpenda, walimsalimu, walimpa wali wa sikukuu. Lakini kitanda walimpelekea fundi wa kijiji cha pili. "Mzee Pandu? Ah, atakuangusha kama Makame." Makame mwenyewe alikisimulia kisa kile kila penye kahawa, na kila mwaka miguu yake ilipanda juu zaidi. Mzee Pandu akiwapo, anacheka pamoja nao. Kisha anakwenda kwake. Kamba zake zilitundikwa ukutani, zikashika vumbi. Mashavu akipita mlangoni pake na ndoo ya maji, mzee anamwuliza tu, "Shaame hajambo?"

"Hajambo, babu."

"Anapiga mateke?"

"Sana."

"Basi vizuri."

Mashavu akakua. Bi Mboni akafariki, akazikwa kwa heshima. Mashavu akaolewa palepale kijijini, akazaa mtoto wa kwanza, na miaka ikapita, akazaa wa pili. Nyumba ikajaa watu, uji, vigelegele. Shaame, sasa kijana wa ndevu, mjomba mtu, akasimama uani kifua mbele. "Dada, nakwenda kijiji cha pili kumleta fundi wa kitanda."

Mashavu alikuwa ndani, nyuma ya pazia. "Usiende. Mwite Mzee Pandu."

Uani wakanong'ona. Mzee Pandu haoni tena! Lakini mzazi hakataliwi kitu, mzee akaenda kuchukuliwa. Akaja na fimbo, kamba za zamani begani, anapapasa njia. Makame, ambaye sasa naye ni mzee wa mkongojo, alikuwa amekaa barazani. Na Shaame, kwa utani tu, mkimjua Shaame hana ubaya, akasema, "Babu, tafadhali, usimwangushe dada yangu kama ulivyomwangusha baba!"

Watu wakacheka. Makame akacheka kuliko wote. Mzee Pandu naye akacheka, akaangalia chini, ingawa hakuona chini wala juu.

Pazia likafunguka. Mashavu akatoka mpaka mlangoni, mzazi wa siku tatu, ameshika mwimo wa mlango.

"Shaame, nyamaza. Baba, nyamaza. Fundo lile halikufunguka lenyewe. Nililifungua mimi."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Nililifungua kwa meno. Nilikuwa mtoto, nilikuwa natakiwa niondoke, nami sikutaka kuondoka. Sikumtaka Shaame. Babu alilijua hilo siku ileile, akalikuta jino langu kwenye kamba, akalificha, akasema kosa ni lake. Nimelala na mama yangu miaka minne zaidi, na yeye hajaitwa na mtu tangu siku hiyo. Nimechelewa kusema. Bibi alipokuwa hai niliogopa. Alipokufa niliona haya. Ndivyo ilivyo, hakuna zaidi."

Akashindwa kuendelea, akalia.

Shaame alisimama hivyo, mikono haijui pa kwenda. Kisha akaenda kwa Mzee Pandu, akapiga magoti, akaushika mkono wake, akaubusu. Makame alijaribu kucheka, maana ndiyo ilikuwa tabia yake, lakini kicheko hakikutoka. "Miaka yote nimemcheka mtu," akasema. "Jamani, miaka yote."

Mzee Pandu akageuza uso kuelekea sauti ya Mashavu.

"Mjukuu wangu, mbona umejisumbua? Mimi nilishazoea."

Akapapasa, akakaa chini, akauliza wenye kitanda wako wapi.

Kitanda kile aliwamba kutwa nzima, kwa vidole tu, na alipokimaliza alikuwa hoi. Alilala kwake bila kula.

Asubuhi akasikia vishindo nje. Tu. Tu. Tu. Akatoka na fimbo, fimbo ikagonga ubao. Akasogea kushoto, ikagonga tendegu. Akasogea kulia, ikagonga ubao mwingine. Uani kwake kulikuwa na vitanda. Watu walikuwa wamevibeba vichwani tangu alfajiri, vitanda vizima visivyo na kasoro, wakavipanga mpaka njiani. Wenyewe wamesimama pembeni.

"Vina nini?" akauliza Mzee Pandu.

"Vimelegea, mzee," akajibu Makame, na kitanda chake kilikuwa cha mbele kabisa.

Mzee Pandu akakipapasa. Hakikuwa kimelegea hata kidogo. Akakipapasa cha pili, cha tatu. Akaelewa. Machozi yakatoka katika macho yale yasiyoona. Nguvu za kuwamba vitanda vyote vile hakuwa nazo, hata kimoja. Basi akapita kila kitanda, akashika kamba moja tu, akaivuta kidogo, nyiii, akakipiga kwa kiganja, akasema, "Tayari." Akaenda kingine. Nyiii. "Tayari." Na kila mwenye kitanda akakibeba kichwani, akaenda nacho nyumbani kama kimewambwa upya, na jioni ile akawaambia wanawe, laleni, hiki kimekazwa na Mzee Pandu.

Basi nyinyi wenye nyumba zinazokua, nyumba ikipata kichanga, kishangilieni. Lakini yeye hajui kama kuna mtu hamtaki, na shida yake ni maziwa tu. Mtafuteni yule aliyelala mahali pale jana, muulizeni leo analala wapi. Na mtu akibeba kosa lisilo lake kwa ajili yenu, msimwache nalo mpaka macho yake yazimike.

Hapa ndipo hadithi yangu ilipojinyoosha ikalala. Nani anahamisha mguu wake nipite?